Mjukuu Wangu Mhispania

Getruda, Mkawasi, na wewe Mama Mwadime ambaye lazima usomewe kwa sauti: tangu nirudi kila mmoja wenu amenisimamisha njiani, na kila mmoja nimemjibu nusu, maana nilikuwa nimebeba maji, au kuni, au usingizi. Sasa nimekaa. Mnajua niliishia darasa la tatu kwa Mwalimu Mwakio, kwa hiyo mkikuta herufi imelala, iacheni ipumzike. Mambo ya pasipoti sitayaeleza. Mghoi aliyashughulikia yote, mimi nilitia sahihi pale nilipoonyeshwa.

Najua mnachotaka. Mnataka kujua kama binti yangu Mghoi alimshika mjukuu wake. Safari yenyewe ilikuwa ya hilo tu.

Getruda anaijua hadithi hii, aruke. Nyinyi wengine sikilizeni. Mghoi alikwenda Stockholm kusoma, akaolewa na Mswidi, Lennart, wakazaa binti mmoja, wakampa jina langu, Wakesho. Ndoa ikaisha, na Lennart akapotea kabisa. Mtoto alitoka mweupe kama unga wa muhogo, nywele nyeusi zimelala. Alipokuwa mkubwa akaomba kazi kwa jina la Wakesho: kimya. Akaomba kwa jina la Linnea, akaitwa. Ilianza hivyo, jina tu. Kisha akapata mchumba, Jonas, na Jonas alipouliza nywele hizo zimetoka wapi, akamjibu kwamba mama yake ni Mhispania, anaishi Hispania, na anaogopa ndege.

Wakati huo Mghoi alikuwa palepale Stockholm, mtaa wa Alby, anaogesha wazee wa watu kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Harusi ikapita bila yeye. Mtoto akazaliwa, Alva, bila yeye. Mimi ndiye niliyepigiwa simu kwa siri, nikaonyeshwa kitoto kwenye kioo cha simu. Nikamwambia Wakesho, "Wajina, nakuja." Akasema nisije. Nikasema simu inakatika.

Wundanyi mpaka Nairobi

Treni ya Voi ilichelewa, na hakuna aliyetuambia kwa nini. Nilikaa karibu na Mzee Kilonzo wa Kibwezi na mkewe Syombua. Tulikula mayai yao ya kuchemsha na kimanga yangu, ile ya muhogo niliyoisonga usiku na maharage mengi ili ifike Ulaya ikiwa na nguvu. Mzee Kilonzo akaniuliza ninakwenda wapi na mzigo wote huu wa chakula. Nikasema nakwenda kwa mjukuu wangu Mhispania. Akaniangalia, akaangalia mkono wangu, akachukua yai jingine. Syombua akamwambia, "Kula, baba, usiulize watu mambo yao."

Wote wawili walinisindikiza mpaka kwenye teksi. Watu wazuri sana. Mayai yao lakini yalikuwa hayana chumvi.

Istanbul, tulipokwama

Ndege ya kwanza sina la kusema, nililala. Istanbul ndiyo ilituonyesha. Theluji ilikuwa imeanguka mpaka ndege zikaonekana kama kuku waliolala kwenye unga, na tukaambiwa tusubiri. Tulisubiri mpaka viti vikatuzoea.

Hapo ndipo nilipompata Espérance, Mrundi, anayeishi Stockholm mtaa wa Rissne na anafanya kazi ya kupika shuleni. Alinisikia nikimsalimia mfagiaji kwa Kiswahili, akageuka na kusema, "Maman, huyo ni Mturuki, atakujibu nini?" Nikamwambia salamu si lazima ijibiwe, mradi imetoka. Akahamia kiti cha pembeni yangu na mizigo yake yote.

Upande wake wa pili alikaa bibi wa Kimarekani, Loretta, mweusi kama mimi, rika langu, miguu imevimba kama yangu. Alikuwa ametoka Nairobi kumwona mjukuu wake anayefundisha huko. Tuliweka miguu sita juu ya begi langu, Espérance katikati akitafsiri huku na huku. Kimanga ilifunguliwa. Loretta alikula, halafu akasema ina ladha ya chakula cha bibi yake wa Louisiana, kasoro nyama ya nguruwe.

Aliponiuliza ninakwenda wapi, sikuwa na haja ya kudanganya. Nilimweleza habari yote ya Wakesho. Espérance alipofika pale pa Hispania akatafsiri polepole, anaona aibu. Loretta hakushangaa hata kidogo. Alipiga goti lake na kusema, "Huyo ni shangazi Odessa."

Basi akanipa hadithi. Zamani kwao, watu weusi walikuwa na behewa lao la treni, mlango wao wa nyuma, na bomba lao la maji. Odessa, dada mkubwa wa mama yake Loretta, alizaliwa mweupe katika nyumba ya weusi. Siku moja alipanda treni ya kwenda kaskazini katika behewa la weusi. Kituo fulani akashuka kununua limau, akarudi akaingia behewa la wazungu. Hakutoka humo maisha yake yote. Aliolewa na mzungu mwenye duka la viatu.

Nikauliza alijipaka nini. Maana mimi niliwaza dawa, nikawaza zile krimu za Voi zinazotoboa uso. Espérance akatafsiri, na Loretta akacheka mpaka akashika ubavu.

"Hakujipaka chochote," alisema. "Alinyamaza tu."

Halafu cheko likamwisha. Alisema mama yake, aliyekuwa anamtafuta dada yake, alifika mji ule akapata kazi katika duka la kofia. Siku moja Odessa akaingia na rafiki zake wazungu. Mama yake Loretta akamvisha kofia dada yake mwenyewe, akamfunga utepe chini ya kidevu, akamwambia imekupendeza, bibi mkubwa. Odessa akasema ahsante. Akarudi kununua kofia kila msimu, hata zile asizozipenda, kwa sababu kidevuni ndipo mahali pekee ambapo dada yake angeweza kumgusa. Na hakuzaa kamwe. Aliogopa mtoto atatoka na rangi gani.

Nikasema, "Wangu amezaa."

Loretta akasema, "Basi huyo ana moyo kuliko Odessa. Au hakufikiria."

Ndege yangu ikaitwa. Loretta akanifunga kitambaa changu cha kichwa upya, maana kilikuwa kimelegea, na alipofika kidevuni mikono yake ikakawia. Espérance alikuwa analia hata kabla yetu, na alikuwa mtafsiri tu.

Alby

Mghoi alinipokea na koti refu lenye manyoya ya uongo, nikaonekana kama dubu aliyeokoka. Mkawasi, uliuliza baridi ikoje. Baridi ile si ya ngozi. Inaingia inatafuta meno.

Alby ni majumba marefu ya kupanga, na humo ndani kuna dunia nzima. Ghorofa ya Mghoi kuna Mama Bahati wa Bukavu, anayeongea Kiswahili, na akichoka anaingiza Kifaransa. Kuna Waturuki, Wasomali, na Mswidi mmoja mzee, Bwana Sture, ambaye nilimsalimia kwenye lifti akashtuka akabonyeza ghorofa isiyo yake. Siku ya pili nikamsalimia tena. Siku ya tatu akaanza yeye. Mghoi alisema nitamfanya mzee wa watu ahame. Badala yake alituletea samaki kwenye chupa, wa sukari na siki. Sitawaeleza samaki wale. Nilimla mmoja kwa heshima.

Watoto wa Mama Bahati wanaulizwa kwa Kiswahili wanajibu kwa Kiswidi. Yule mdogo, Daniella, alinipa jina la mormor, ambalo kwao ni mama yake mama. Wenzetu hao hawana bibi wa jumla. Bibi lazima useme ni wa upande gani.

Ila Mghoi alikuwa hataki kabisa habari ya Wakesho. Nikimtaja, anakwenda kuosha kikombe kilichokwisha oshwa. Nikambana jikoni. Ndipo akaniambia la treni. Alikuwa anatoka zamu ya usiku, amesimama amechoka, akamwona Wakesho amekaa na Jonas behewa hilohilo. Wakesho akainua simu mpaka puani. Mghoi akashuka kituo ambacho si chake, akasubiri treni nyingine kwenye baridi.

"Kwa nini wewe ndiye ushuke?" nilimuuliza.

"Alikuwa anatetemeka, mama. Ningebaki angelia mbele ya watu."

Nilikaa kwenye kigoda cha jikoni. Kofia za Odessa zote zikanirudia kichwani. Nikamwambia Mghoi kwamba Wakesho amekubali niende Alhamisi mchana, mumewe akiwa kazini, na kwamba yeye atanipeleka maana mimi sijui treni zao. Akasema atanifikisha kituoni na hatapita hapo hata hatua moja.

"Mimi niko Hispania," alisema.

Kwenda Bromma

Tulipanda treni ya mstari mwekundu mpaka katikati ya mji, tukabadilisha kwenda mstari wa kijani. Humo ndani watu hawaongei. Nilidhani kuna msiba. Bromma ni upande wa nyumba za mbao zenye bustani, kila nyumba imesimama peke yake kama imegombana na wenzake. Mghoi akakaa kwenye benchi la kituo, akanionyesha: ile ya manjano, ya tatu kutoka kona. Nikamuuliza ameijuaje na hajawahi kufika. Akafunga koti lake kubwa la bluu mpaka shingoni. Nikaliangalia lile benchi, nikaelewa kwamba wanajuana.

Getruda, sasa tulia. Nilifika kwenye ile nyumba ya manjano, na nje, kwenye kibaraza, kwenye theluji, nikakuta kigari cha mtoto. Ndani yake mtoto. Amelala, pua nyekundu, hakuna mtu.

Nyinyi mngefikiri nini? Mimi nilifikiri wamemtoa. Nilifikiri amebadilika rangi, na mumewe ameona, na wamemtoa nje. Nilimnyanyua, nikamtia ndani ya lile koti langu la dubu, nikaupiga mlango ule kwa kiatu. Nilikuwa nimeshapanga maneno ya kumwambia Jonas, mengine si ya kuandika hapa.

Akafungua Wakesho. Nyuma yake kulikuwa na mama wa Kizungu mwenye nywele fupi nyeupe, ameshika sahani ya mikate ya mdalasini. Kumbe Waswidi huwalaza watoto wao nje makusudi, baridi hiyohiyo, wanasema inawapa afya. Na kumbe mama yule ni Birgitta, mamake Jonas, aliyekuja bila kutarajiwa. Wote wawili wakatuangalia, mimi na ule uvimbe kwenye koti langu unaolia.

Wakesho akasema kitu kwa Kiswidi, haraka. Birgitta akatingisha kichwa, akatabasamu. Kisha Wakesho akanigeukia. Kiswahili chake ni cha kuokoteza, lakini siku hiyo nilikielewa chote.

"Bibi, tafadhali. Mama ya Jonas iko hapa. Mimi nimesema wewe ni mama ya kusafisha."

Mezani

Nitawaambia ukweli, sikukasirika. Nilimtazama uso, nikamwona anatetemeka vilevile alivyosema Mghoi. Nikavua viatu, maana kwao usipovua viatu hata malaika wanakufukuza. Nikampa mtoto wake. Nikakunja mikono ya nguo nikaingia jikoni, nikaanza kuosha vyombo. Nilijiambia nitasafisha, nitamwona mtoto kidogo, nitaondoka, na Mghoi nitamwambia mtoto ni mzima.

Lakini Wakesho alikuwa amekosea, na alikosea kama Mswidi. Alisahau nchi yake mwenyewe. Kwetu mtu wa kusafisha angeachwa jikoni na masufuria yake mpaka jioni. Kule, ikifika saa ya kahawa, kila aliye ndani ya nyumba anakaa, hata fundi wa bomba. Birgitta akaja akaniondoa kitambaa mkononi. Akanivutia kiti. Akanimiminia kahawa, akaniwekea mkate mmoja, halafu wa pili, akakaa kunitazama mpaka nile. Na kwa kuwa Alva alikuwa bado analia na mimi ndiye niliyekuwa na mapaja mapana, akanipakatisha.

Wakesho alikaa mkabala nami, rangi imemtoka, na alikuwa hana nyingi ya kutoka.

Sasa nyinyi mnajua mikono yetu. Ukipewa mtoto mchanga, mikono haikuulizi. Nilimgeuza Alva kwenye mwanga wa dirisha, nikaangalia ukingo wa sikio, juu pale, nikaangalia na nyuma yake. Nikafungua ngumi yake nikaangalia kwenye mizizi ya kucha. Nikalirudia sikio. Nikacheka peke yangu, ile tunayocheka tukishajua.

Birgitta akauliza kitu. Wakesho hakutafsiri. Birgitta akauliza tena, akielekeza kidole sikioni mwake mwenyewe.

"Anauliza unatafuta nini," Wakesho akasema. Sauti yake ilikuwa ndogo.

Hapo ningeweza kusema natafuta uchafu. Mama wa kusafisha, si ndiyo kazi yake? Nilimwangalia Wakesho, nikamwambia polepole ili aelewe lote.

"Mwambie unavyotaka, wajina, mimi Kiswidi sikijui. Lakini wewe nakwambia. Natafuta rangi atakayokuja nayo, na nimeiona. Sikio hili ni la Mghoi. Kufika mwaka atakuwa kahawia kama mkate huu. Sasa hapo utamwambia nani ni Hispania?"

Alinyamaza. Nyumba yote ilinyamaza, hata mtoto. Nilimsikia Loretta waziwazi akisema alinyamaza tu, alinyamaza tu. Nikashika kikombe kwa mikono miwili ili nisiongeze neno, maana mnanijua.

Kisha Wakesho akaanza kusema Kiswidi. Alisema akitazama meza. Sikuelewa kitu mpaka akanyoosha mkono kwangu na kusema mormor. Akasema tena, min mormor, bibi yangu mimi, na hapo mkono wake ukabaki juu ya mkono wangu.

Birgitta aliweka kikombe chini. Aliangalia mtoto. Aliangalia lile sikio kwa karibu, amevaa miwani. Halafu akageuka akaangalia jikoni, kwenye vyombo vyangu vilivyooshwa vinachuruzika, na akawa mwekundu kuanzia shingoni mpaka kwenye nywele. Akamsemesha Wakesho kwa ukali. Nilimuuliza anasema nini.

"Amekasirika," Wakesho alisema huku analia. "Anasema nimemuoshesha vyombo bibi yangu mwenyewe, na yeye amekaa anaangalia. Anauliza mama iko wapi. Mama wa kweli."

"Yuko kituoni," nikasema. "Kwenye benchi."

Wakesho akatoka mbio. Alitoka na viatu vya ndani, koti lake likabaki kwenye msumari. Mimi na Birgitta tukabaki na mtoto na kahawa. Akanionyesha kifua chake: farmor, bibi wa upande wa baba. Nikamwonyesha kuwa nimeelewa. Baada ya hapo akaongea Kiswidi na mimi nikaongea Kiswahili. Nilimweleza kuzaliwa kwa Mghoi, jinsi alivyokuwa hali mboga, ada ya shule, kila kitu, na yeye akaitikia mahali panapofaa kabisa. Lakini kila baada ya sentensi tulikuwa tunaangalia dirishani, na kahawa ilipoa tukamimina nyingine, nayo ikapoa. Niliwaza Mghoi ameshaondoka. Niliwaza amemwona binti yake anakuja akapanda treni ya kwanza, kwa mazoea.

Kisha wakatokea kwenye kona. Walikuwa wanatembea bila kushikana, Wakesho nyuma kidogo. Lile koti kubwa la bluu la Mghoi lilikuwa limevaliwa na Wakesho. Mghoi alikuwa na sweta tu.

Waliingia. Mghoi akavua viatu, akavipanga. Akampa Birgitta mkono, wakasema majina yao, kwa heshima zote, kama watu waliokutana benki. Wakesho akaanza tena: mama, nisamehe, mama. Mghoi akamkata.

"Sijasema habari ya kusamehe. Nimesema uvae koti. Hayo mengine tutayazungumza." Halafu akanyoosha mikono kwangu. "Nipe mtoto."

Nikampa. Hakuangalia sikio. Alimweka shingoni mwake na kufumba macho, na alisimama hivyo katikati ya sebule ya watu, soksi zake zimelowa theluji, mpaka Birgitta akaenda kuleta kiti na kukiweka nyuma yake bila kumgusa.

Mliyouliza zaidi

Jonas alikasirika, ndiyo, siku nyingi. Si kwa rangi. Mtu yule alikuwa amejifunza Kihispania kwa siri, mwaka mzima, kwenye simu yake, ili siku akikutana na mama mkwe amshangaze. Alimshangaza kweli. Alimsomea Mghoi hotuba nzima ya Kihispania mezani, kwa hasira, ili isipotee bure, na Mghoi akamjibu kwa Kitaita. Huyo nimeshamwita mume wangu, na ameshaambiwa maana yake ili asiogope.

Getruda, umeniuliza mara tatu kama wamesameheana. Mimi sijui. Kuna miaka pale katikati ambayo hairudi, na Mghoi si mtu wa kusema basi yameisha. Ninachojua ni kwamba jana amenipigia simu kunishtakia. Yeye anataka Alva aanze uji wa wimbi, Wakesho anasema zahanati imekataza, wamegombana tangu asubuhi, na Wakesho amemkatia simu, kisha akampigia tena kumalizia alilokuwa anasema.